Joshini na Demani: Mlima, Upepo na Sura ya Nchi

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika kusikiliza,

Penye mlima hapakosi mtu wa kusema, "Mlima ule unavuta mvua." Kauli hiyo nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayopotosha. Mlima hauvuti kitu. Umekaa palepale. Anayesafiri ni upepo, na maji yote ambayo mlima husifiwa kwayo yamebebwa na upepo, aghalabu kutoka bahari ya mbali. Ndiyo maana milima miwili inaweza kulingana kwa kimo, mmoja ukavaa msitu mzito na mwingine ukabaki mawe matupu. Basi tukitaka kuujua mlima, kimo chake tukiweke kando kwanza. Tuulize upepo unaujia kutoka wapi, umebeba unyevu kiasi gani, na una nguvu za kuupanda au utaukwepa.

Mabaharia wa mwambao wametuachia maneno mawili nitakayoyatumia leo mpaka mwisho. Upande unakotoka upepo ni joshini. Upande wa pili, ule uliokingwa, ni demani. Vitabu vya shule husema "upande wa upepo" na "kivuli cha mvua", na si makosa, ila neno "kivuli" humfanya mtu adhani kwamba ukavu ni mali ya ubavu fulani wa mlima. Upepo ukigeuka, demani nayo huhama. Nitalirudia jambo hilo baadaye.

Sasa hesabu, maana jambo hili bila tarakimu hubaki ngano. Hewa ikipanda huingia mahali penye mgandamizo mdogo, ikatanuka, na kule kutanuka kunaipunguzia joto. Ikiwa haina wingu ndani yake, hupoa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100. Kwa usahihi zaidi ni nyuzi 9.8 kwa kilomita. Ikishuka hubanwa, nayo hupata joto kwa kiwango kilekile. Lakini mvuke ukishaanza kugeuka matone mambo hubadilika. Kila tone huachia lile joto lililotumika kuyavukiza maji yake huko yalikotoka, na joto hilo hubaki hewani. Kwa hiyo hewa iliyo ndani ya wingu hupoa polepole zaidi: kama nyuzi 5 kwa kilomita ikiwa ya vuguvugu, na zaidi ya hapo kadiri inavyokuwa ya baridi.

Chukueni hewa iliyo usawa wa bahari, joto lake nyuzi 25, na umande wake unatunga kwenye nyuzi 17. Tofauti ni nyuzi 8. Kanuni ya haraka ya wapimaji ni kuzidisha tofauti hiyo kwa mita 125 ili kupata tumbo la wingu litakuwa wapi: 8 mara 125 ni mita 1,000. Basi upepo unausukuma mzigo huo juu ya mlima wa mita 3,000. Mita 1,000 za kwanza hewa inapoa nyuzi 10, inafika 15, wingu linaanza. Mita 2,000 zilizobaki inapanda ndani ya wingu, inapoa nyuzi 10 nyingine tu, na inavuka kilele ikiwa na nyuzi 5. Njiani imeangusha kama gramu 4 za maji kwa kila kilo ya hewa. Sasa inashuka demani. Wingu limekwisha kunyesha, kwa hiyo safari yote ya kushuka ni ya hewa kavu: mita 3,000, nyuzi 30. Inafika chini ikiwa na nyuzi 35.

Tazameni vizuri kilichotokea. Hewa ileile, usawa uleule wa bahari, imeongezeka nyuzi 10, na unyevu wake ulioanza karibu asilimia 61 umeshuka hadi kama asilimia 22. Hakuna aliyeipasha moto. Joto hilo limetoka ndani ya mvua iliyobaki upande wa pili.

Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kutumia kiwango kimoja kupanda na kushuka, kisha wakashangaa kwamba majibu yanalingana na hakuna demani yenye joto. Kosa la pili ni la waliokwisha kuelewa nusu: hudhani kwamba upepo wa moto wa demani lazima uwe umetanguliwa na mvua joshini. Si lazima. Mara nyingi hewa ya chini, iliyo nzito na yenye unyevu, hushindwa kabisa kuupanda mlima na kubaki imelala joshini kama maji nyuma ya bwawa. Inayovuka ni hewa ya juu, iliyokuwa kavu tangu mwanzo, nayo huporomoka demani na kupata joto kwa kubanwa tu. Mkimwona mtu anahesabu ukali wa upepo wa demani kwa kuangalia mvua peke yake, mwulizeni hewa hiyo ilianzia kimo gani.

Na hilo linatuleta kwenye swali la kupanda au kukwepa. Hewa iliyotulia kwa matabaka, ya baridi chini na ya joto kiasi juu, haipendi kunyanyuliwa. Kuna kipimo rahisi kinachotokana na kile wataalamu wanachokiita namba ya Froude. Chukua kimo cha mlima kwa mita juu ya tambarare inayouzunguka, kizidishe kwa 0.01, halafu ulinganishe na kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde. Kasi ikizidi, hewa itapita juu. Ikiwa ndogo sana kuliko namba hiyo, hewa itagawanyika na kupita ubavuni. Kilima cha mita 500 kinahitaji upepo wa mita 5 kwa sekunde, na huo ni upepo wa kawaida. Mlima wa mita 3,000 unahitaji 30, na huo ni upepo wa dhoruba. Ile 0.01 ni ya hewa tulivu ya kawaida. Ndani ya wingu utulivu hupungua kwa sababu ya joto la matone, na mchana jua likipasha mteremko hewa hupanda yenyewe. Kwa hiyo msiifanye kuwa sheria. Ni kipimo cha kukuonyesha uko upande gani wa jambo.

Kipimo hicho kinaeleza kwa nini mlima uliosimama peke yake na safu ndefu ya milima havifanyi kazi moja. Kilimanjaro wenye mita 5,895 umenyanyuka karibu mita 5,000 juu ya nyika zinazouzunguka. Hakuna upepo wa kila siku utakaoubeba mzigo wa hewa ya chini mpaka juu kule. Hewa hupanda kiasi, kisha hupasuka pande mbili. Mvua kubwa kabisa hunyesha kwenye miteremko ya kusini, katika mkanda wa msitu karibu mita 2,200, na ukiendelea kupanda inapungua mpaka kileleni ambako kwa mwaka mzima hakufiki milimita 200. Kile kilele ni jangwa lenye barafu. Safu ndefu ni kitu kingine: ubavu wa kukimbilia uko mbali mamia ya kilomita, hewa haina budi kupanda au kurundikana.

Visiwa vya Hawaii ni darasa zuri zaidi kuliko mahali popote ninapopafahamu, kwa sababu bahari ni ileile na upepo ni uleule wa kaskazini mashariki karibu mwaka mzima. Waialeale, katika kisiwa cha Kauai, una mita 1,569 tu, nao hupata zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka. Mauna Kea, katika kisiwa kikubwa, una mita 4,207, na kilele chake ni kikavu kiasi kwamba wanaastronomia wameweka darubini zao pale. Kwa nini mfupi umshinde mrefu? Karibu mita 2,000 na ushei juu ya bahari hiyo kuna tabaka la hewa ya joto inayoshuka, linalofunika hewa yenye unyevu kama mfuniko wa sufuria. Waialeale wote uko chini ya mfuniko, tena kwa magenge ya wima yanayonyanyua hewa ghafla. Mauna Kea umeutoboa mfuniko, kichwa chake kiko kwenye hewa kavu. Na huko Kauai, ukishuka demani kilomita 25 hivi kutoka Waialeale, pwani inapata kama milimita 500.

Sasa nirudi kwenye demani inayohama. Milima ya kati ya Sri Lanka hupigwa na pepo za msimu za kusini magharibi kati ya Mei na Septemba. Wakati huo magharibi kunafurika na mashariki kunakauka. Kuanzia Desemba upepo unatoka kaskazini mashariki, na zamu inageuka. Mlima haujasogea hata inchi. Anayepanga kupanda mazao, kujenga bwawa au kuchimba kisima kwa kutazama ramani moja ya mvua ya mwaka mzima atakuwa amezichanganya nchi mbili katika wastani mmoja usiokuwepo mwezi wowote.

Halafu kuna tabia ya kuutwika mlima lawama zisizo zake. Jangwa la Atacama, Chile, husimuliwa kama mfano wa kivuli cha mvua cha Andes, na hadithi ikaishia hapo. Mji wa Arica kwa wastani hupata chini ya milimita 1 kwa mwaka, na kati ya 1903 na 1918 zilipita zaidi ya miaka 14 bila mvua ya kupimika. Andes kweli huzuia unyevu wa Amazon kutoka mashariki. Lakini pia Atacama iko chini ya mkanda wa hewa inayoshuka, na mbele yake upo mkondo baridi wa Humboldt unaoipoza hewa ya chini hata ikakataa kupanda. Visababishi vitatu vimekaa pamoja. Ukiondoa kimoja tu, nchi ile ingebaki kavu. Kinachoponyoka ni ukungu. Wingu dogo la baharini husukumwa kwenye vilima vya pwani, lisinyeshe, likagusa tu. Watu wamejifunza kulinasa kwa nyavu za plastiki zilizosimamishwa wima kuukabili upepo: mita moja ya mraba ya wavu hukamua kama lita 3 kwa siku, na mahali pazuri hata 10. Wavu ukitegwa sambamba na upepo, au kwenye mteremko wa demani hatua chache tu nyuma ya kigongo, unaambulia patupu. Miti ya misitu ya ukungu hufanya kazi hiyohiyo kwa majani yake, ndiyo maana ukifyeka msitu wa aina hiyo mto hupungua ingawa kipimo cha mvua hakionyeshi mabadiliko.

Mpaka hapa nimezungumzia upepo unaopanda. Mapengo kati ya milima nayo yana mambo yake, na kwa sura ya nchi pengine ndiyo yenye nguvu zaidi. Nguvu ya upepo hukua kwa kasi ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe: kasi ikiwa maradufu, nguvu ni mara 8. Mchanga unaobebwa nao hufuata takriban mwendo huo, baada ya kasi kuvuka kizingiti cha kama mita 5 au 6 kwa sekunde. Kwa hiyo pengo linalobana upepo na kuuongezea theluthi moja tu ya kasi tayari limeongeza nguvu zaidi ya mara mbili.

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mfereji wa ardhi ya chini, na upepo wa kusini mashariki hupita humo kila siku ukielekea bonde la Turkana. Karibu na Loiyangalani imesimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Hilo linajulikana. Lisilozungumzwa sana ni kwamba hewa hiyo imetoka Bahari ya Hindi na ina unyevu, lakini mfereji ni jangwa huku milima ya pande zote mbili ikipata mvua. Hewa inayoongeza kasi hutawanyika. Hewa ya juu hushuka kuziba nafasi, na mawingu hayapati pa kukulia. Unyevu unapita kama abiria wa basi lisilosimama, unakwenda kunyesha kwingine.

Chad kuna pengo jingine, kati ya milima ya Tibesti na nyanda za Ennedi. Upepo wa kaskazini mashariki ukibanwa hapo huangukia bonde la Bodélé, sakafu ya ziwa la kale lililokuwa kubwa mara nyingi kuliko Ziwa Chad la leo. Sakafu hiyo ni maganda ya vijimea vya majini vilivyokufa zamani, mepesi kama unga. Hakuna mahali duniani panaporusha vumbi jingi kama hapo. Vipimo vya setilaiti vya kati ya 2007 na 2013 vilikadiria kwamba vumbi la Sahara linaloanguka katika bonde la Amazon ni kama tani milioni 28 kwa mwaka, likiwa na tani 22,000 hivi za fosforasi, kiasi kinachokaribiana na kile mvua inachokiosha kutoka udongo wa msitu ule. Milima miwili ya Afrika inabana upepo, na ng'ambo ya bahari miti inapata mbolea.

Pepo zinazoporomoka nitazipitia kwa haraka. Upepo wa moto wa demani huitwa Föhn katika Alps na Chinook mashariki ya Rocky Mountains. Alfajiri ya 22 Januari 1943, katika mji wa Spearfish, South Dakota, kipimajoto kiliruka kutoka nyuzi -20 hadi 7 katika dakika 2; upepo ulipokatika baadaye asubuhi, joto likarudi chini ghafla na vioo vya madirisha vikapasuka. California pepo za namna hiyo hutoka majangwa ya juu kuelekea pwani, na ukavu wake ndio uliobeba mioto ya Los Angeles iliyoanza 7 Januari 2025. Upande wa pili kuna upepo baridi wa kuporomoka. Hewa iliyolala juu ya barafu hupozwa ikawa nzito, ikateleza kama maji. Nayo pia hupata nyuzi 1 kwa kila mita 100, hilo halikwepeki, ila imeanza na baridi kali mno hata ikifika chini bado ni baridi kuliko hewa iliyoikuta. Cape Denison, Antaktika, ambako msafara wa Douglas Mawson ulipiga kambi 1912, wastani wa upepo wa mwaka mzima ulizidi kilomita 65 kwa saa. Wastani, si kilele.

Baridi ya kuteleza haihitaji Antaktika. Usiku wowote wa anga wazi, ardhi ya mteremko hupoa, hewa inayoigusa hupoa, na mto wa hewa baridi huanza kutambaa kuelekea bondeni. Mchana mwendo hugeuka, hewa hupanda. Mkulima anayejua hili hapandi mmea unaochukia jalidi, yaani umande ulioganda, kwenye sakafu ya bonde, ingawa udongo wa huko ndio mzuri. Huupanda katikati ya mteremko, juu ya dimbwi la baridi na chini ya kigongo chenye upepo. Kinachoharibu mipango ni ukuta au ua mnene uliojengwa kukata mteremko. Hewa baridi husimama nyuma yake kama maji, na shamba lililokuwa salama miaka yote linaungua kwa jalidi. Dawa yake ni kuacha uwazi upande wa chini, mahali panapoelekea bondeni. Ukitaka kujua hewa inapita wapi, washa majani mabichi jioni na utazame moshi: mahali unapojikusanya ndipo baridi itakapolala. Dimbwi hilohilo hufungia moshi wa viwanda na magari katika miji iliyojengwa bondeni, mpaka jua la saa nne hivi litakapolivunja.

Kuhusu vizuizi vya miti, nitasema machache kwa kuwa vinafuata mantiki ya mlima kwa udogo. Mstari wa miti hupunguza upepo demani kwa umbali wa mara 10 hadi 20 ya kimo chake. Miti ya mita 8 basi inakinga shamba la mita 80 vizuri, na mpaka 160 kwa kiasi. Lakini mstari ulioziba kabisa ni mbaya kuliko uliopitisha hewa kidogo: ukiziba, upepo huruka juu na kuanguka nyuma kwa vimbunga vidogo vinavyolaza mazao. Uwazi wa asilimia 40 hadi 50 ndio unaofaa. Na pengo moja katikati, la kupitishia trekta, hugeuka kuwa Turkana ndogo. Lipindishe au lifunike kwa mstari mfupi mwingine.

Sasa sura ya nchi. Mvua ikiangukia upande mmoja karne baada ya karne, mito ya upande huo huchimba kwa haraka, vichwa vyake hurudi nyuma kuula mlima, na mstari wa mgawanyo wa maji husogea polepole kuelekea upande mkavu. Southern Alps za New Zealand zinaonyesha hili waziwazi. Joshini, magharibi, kuna mahali panapopata zaidi ya milimita 10,000 kwa mwaka. Ukivuka safu, umbali usiofika kilomita 200, Central Otago hupata chini ya 400. Magharibi kuna mabonde mafupi ya wima na maporomoko ya ardhi kila mara. Mashariki kuna mito mipana inayozurura juu ya changarawe zake yenyewe. Milima ile inanyanyuliwa na nguvu za ardhini hata milimita 10 kwa mwaka mahali pengine, na mvua inaikwangua karibu kwa kasi ileile.

Palipo pakavu, kalamu inashikwa na upepo. Tuta la mchanga la umbo la mwezi mwandamo, barkani, huwa na mgongo wenye mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 kwa joshini na uso mkali wa nyuzi 32 hadi 34 kwa demani, na pembe zake mbili huelekea upepo unakokwenda. Ukiliona kwenye picha ya angani huhitaji kipimaupepo: limekuandikia mwelekeo. Tuta dogo hukimbia kuliko kubwa, kwa sababu mchanga wa kuhamisha ni mchache. Karibu na Olduvai, Tanzania, kuna barkani ya jivu jeusi la volkano ya Ol Doinyo Lengai, kimo chake kama mita 9, inayosogea kuelekea magharibi kama mita 17 kwa mwaka bila kusambaratika. Colorado, chini ya milima ya Sangre de Cristo, mambo ni kinyume: matuta yamefika zaidi ya mita 200 kwenda juu kwa sababu hayana pa kwenda. Upepo wa kusini magharibi unayasukuma ukutani, na upepo wa dhoruba unaotoka kwenye mapito ya mlima unayarudisha.

Kwa wanaokwenda kupima, tahadhari mbili tatu. Kipimaupepo hukaa mita 10 juu ya ardhi, mbali na kizuizi angalau mara 10 ya kimo cha kizuizi hicho. Kwenye kigongo upepo huongezeka sana, hivyo tarakimu za kigongoni hazisemi lolote kuhusu bonde lililo chini yake. Kipimamvua kiwe mbali na miti au ukuta angalau mara mbili ya kimo chake; lakini kikiwekwa wazi kabisa juu ya kigongo, upepo hurusha matone nje ya mdomo wake na utasoma pungufu, hasa mvua ya manyunyu. Vipimo vingi vimewekwa mabondeni, karibu na barabara, kwa kuwa huko ndiko anakofika msomaji kwa urahisi. Mhandisi akichukua wastani wa vituo hivyo kukadiria mafuriko ya mto unaotoka milimani, daraja lake litakuwa dogo. Mahali pasipo na chombo, someni miti: iliyolala upande mmoja, matawi yake ya joshini yakiwa mafupi au hayapo, imeweka rekodi ya miaka mingi kuliko kituo chochote.

Nimalizie na safari moja ndefu. Kuanzia Mei, kusi huvuma kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, hukutana na ukuta wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kwa kuwa haupandi ukuta ule, hujibana ubavuni mwake na kukimbia kuelekea kaskazini. Miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa Findlater aliuchora mkondo huo, wenye kiini kama kilomita 1 hadi 1.5 juu ya ardhi. Ukivuka ikweta, mzunguko wa dunia huupinda kulia, nao hugeuka upepo wa kusini magharibi unaovuka Bahari ya Arabia hadi India. Hupiga milima ya magharibi ya India, huacha humo maji mengi, huvuka bara, hujaza tena unyevu katika Ghuba ya Bengal, kisha husukumwa kwenye vilima vya Khasi vinavyochomoza ghafla kutoka tambarare za Bangladesh.

Pale, kwenye kimo cha kama mita 1,300 tu, ndipo ulipo mji wa Cherrapunji. Wastani wake unazidi milimita 11,000 kwa mwaka, na kati ya Agosti 1860 na Julai 1861 zilipimwa 26,461. Mji wa Shillong, kilomita 50 hivi demani, hupata kama moja ya tano ya wastani huo. Lakini upepo ukigeuka, kati ya Novemba na Februari, mvua ya Cherrapunji hukatika karibu kabisa. Mvua za karne zimekwangua udongo mpaka kwenye mwamba, na mwamba wenyewe, chokaa mahali pengine, huyameza maji kupitia nyufa zake. Miezi hiyo wakazi wa mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote duniani hushuka mabondeni na ndoo kutafuta maji ya kunywa.

Asanteni. Maswali yanakaribishwa.